Beryl Sidi Tsofa (1971–2025), Aliyeingia Maabara na Donge la Unga

Beryl Sidi Tsofa alizaliwa Kaloleni, Kilifi, siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 9 Aprili 1971, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Tsofa Mung'aro na Bi Dama Kaingu. Baba yake alikuwa mkulima na mchuuzi wa nazi, na kila Jumamosi alishusha magunia yake Marikiti, Mombasa. Sidi alianza kufuatana naye tangu umri wa kubebwa begani. Kazi aliyopewa sokoni ilikuwa kutikisa. Aliishika kila nazi sikioni, akaitikisa, akasikiliza maji yake, kisha akaiweka upande wa kuuzwa au upande wa kurudi nyumbani.

Siku moja mteja mwenye haraka alichukua nazi ambayo haijatikiswa, akalipa, akaenda zake. Mtoto alimfuata hadi nje ya soko huku akilia. Hakulia kwa kuwa nazi ilikuwa mbovu. Alilia kwa kuwa hakujua. Mteja alisimama juani, akamrudishia, akangoja itikiswe. Ilikuwa nzima. Mteja huyo alikuwa Bi Mwanaesha, mpishi wa harusi wa Kibokoni, Mji wa Kale, na jina lake litarudi mara nyingi katika maelezo haya kwa sababu ndivyo lilivyorudi katika maisha ya marehemu.

Marehemu alisoma shule ya msingi Kaloleni kuanzia 1978, akawa miongoni mwa watahiniwa wa kwanza kabisa wa mtihani wa darasa la nane mwaka 1985. Masomo ya sekondari aliyamaliza 1989 katika shule ya bweni mjini Kilifi, ambako fizikia ilikuwa somo lake na vidole vyake vilikuwa na alama za moto kila muhula. Mwaka 1990 alipata nafasi ya kusomea umeme katika Politekniki ya Mombasa. Baba yake hakuwa na ndugu kisiwani. Alimwendea mteja wake.

"Bi Mwanaesha, nina mtoto wa kike anakuja chuo, na sina jamaa huku."

"Yule wa kutikisa?"

"Huyo huyo."

"Basi mlete. Chumba cha juu ki wazi. Lakini mwambie vyungu vyangu asivitikise."

Alikuja na sanduku moja la bati. Aliishi katika nyumba hiyo miaka thelathini na mitano, na ndimo alimofia. Jumapili alishuka ngazi kwenda misa. Ijumaa nyumba nzima ilinyamaza wakati wa sala, naye alijua kwa nini. Mwezi wa Ramadhani, kila magharibi, kabla Bi Mwanaesha hajafungua tende yake ya pili, sahani ilipandishwa ngazi ikiwa imefunikwa kawa, mpaka mlango wa mpangaji Mkristo. Mwaka wa kwanza Beryl alishukuru kwa maneno mengi. Mwaka wa tatu alisema tu, "Mama, imefika."

Baada ya kuhitimu 1993, alifanya kazi katika karakana ya kusuka upya mota za umeme huko Mbaraki, mwanamke pekee kati ya mafundi. Hapo ndipo alipokutana na Ronald Kaingu wa Rabai, dereva wa kreni katika yadi ya makontena Shimanzi, aliyeleta mota iliyoungua na akarudi kuiulizia mara nyingi kuliko mota inavyohitaji. Walifunga ndoa kanisani tarehe 11 Desemba 1999. Chakula kilipikwa na Bi Mwanaesha, ambaye alimkataza mtu mwingine yeyote asikaribie masufuria. Wanandoa walikuwa wamepata nyumba Mbaraki. Bi Mwanaesha alipoambiwa, aliuliza, "Mbaraki kuna nini? Mwaenda mwaniacha na ngazi?" Walibaki.

Mungu aliwajalia watoto wawili: Tsofa, aliyezaliwa 2001, na binti aliyezaliwa 2005. Siku ya ubatizo wa binti, padri aliuliza jina. Aliambiwa Mwanaesha. Akauliza kwa upole ni jina la mtakatifu gani.

"Bado yu hai, Padri," Beryl alijibu. "Yuko pale nyuma, amevaa buibui."

Mwaka 2006 marehemu aliajiriwa katika maabara ya kupima vyombo vya umeme iliyoko Shimanzi, kati ya maghala, mahali ambapo malori hupita na vikombe vya chai hutetemeka mezani. Kazi ya maabara ile ni kutekeleza sharti moja: chombo cha kupikia cha umeme, kiwe koili, birika, kikaango au sufuria ya presha, hakiuzwi mpaka kipate cheti cha usalama. Watu wengi huona alama iliyobandikwa chini ya birika na hawaisomi. Nyuma ya alama ile kuna mtu aliyelichemsha birika hilo likiwa tupu mpaka likaungua, akauvuta waya wake mpaka ukakatika, akamwaga maji ya chumvi juu ya koili ikiwa nyekundu, na akaingiza kidole cha chuma katika kila mwanya ambao kidole cha mtoto kingeweza kupita. Kwa miaka kumi na minane na zaidi, mtu huyo alikuwa Beryl.

Wageni waliozuru maabara walitarajia kumwona akithibitisha kwamba vyombo vinafanya kazi. Kumbe yeye alikuwa akivitazama vikifa. Alisema hakuna chombo kisichokufa. Kizuri ni kile kinachokufa bila kumchukua mtu. Aliwaambia hivyo wanagenzi, waagizaji wa bidhaa, na mara moja hata mgeni rasmi wa sherehe ya shule, aliyekuwa ameuliza swali la adabu tu.

Jambo lililomfanya ajulikane lilianzia nyumbani. Novemba 2021, Zakariya, mwanawe Bi Mwanaesha aliyeko Muscat, alimpelekea mama yake sufuria ya presha ya umeme. Bi Mwanaesha aliipokea kama mgeni asiyemtaka, yaani kwa adabu zote. Maisha yake yote alikuwa amepika pilau kwa mtindo wa nyumba yao: maji yakikaribia kukauka, ukingo wa sufuria huzibwa kwa donge la unga, kifuniko hupaliwa makaa, na mvuke hautoki hata chembe, kwa maana mvuke ndio wenye harufu, na harufu ndiyo pilau. Sufuria mpya ilipiga mluzi na kuutoa mvuke huo nje kwa tundu la kifuniko. Kwake yeye huo ulikuwa wizi wa mchana. Alasiri moja akakanda unga, akaziba. Matundu yalikuwa mawili, kubwa la kutolea mvuke na dogo la dharura. Mkono unaoziba hauchagui; aliyafunika yote.

Beryl alirudi kazini akakuta harufu ndogo na kimya kikubwa.

"Mama, sufuria mbona hailii?"

"Imenyamaza. Nimeifunza adabu."

Alizima swichi kuu chini ya ngazi. Aliingia jikoni mara moja tu, akamnyakua Fadhiya, mjukuu wa Bi Mwanaesha, aliyekuwa amekaa sakafuni kando ya sufuria kama ilivyo desturi yake, akingojea ukoko. Kisha akamshika Bi Mwanaesha mkono.

"Wanitoa nyumbani mwangu, Beri?"

"Nakutoa, Mama."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Walikaa barazani mpaka sufuria ikapoa. Hakikutokea kitu. Kibaya zaidi, pilau ilikuwa tamu mno. Bi Mwanaesha aliipakua kwa majirani walioshuhudia aibu yake, na kila aliyeonja aliuliza imepikwaje. Kufikia Februari, nusu ya wanawake wa Kibokoni waliokuwa na sufuria za presha walikuwa na donge lao la unga. Beryl alikwenda nyumba hadi nyumba. Walimkaribisha, wakamsikiliza, wakamkubalia, wakaenda kukanda.

Hapo ndipo akili yake ilipofanya kitu ambacho wenzake mpaka leo hukisimulia kwa sauti ya chini. Alielewa kwamba hatawabadilisha wanawake wa Kibokoni. Lililobaki ni kuibadilisha sufuria.

Machi 2022, kontena la sufuria za presha za aina mpya lilifika Shimanzi. Aliyeziagiza alikuwa Sheikhan, mwenye duka la vyombo karibu na Marikiti, na Sheikhan ni mtoto wa kaka yake Bi Mwanaesha. Alikusudia ziwe dukani kabla ya Ramadhani. Beryl aliipima ya kwanza kwa kila jaribio lililoandikwa, nayo ikafaulu yote. Katika jaribio la kuziba, fundi huziba tundu kubwa na kuona kama dogo litaokoa. Liliokoa. Kisha Beryl akatoa mkobani donge la unga lililofungwa kwa kitambaa, akafanya kama alivyoona nyumbani. Kifaa cha kukata umeme kilichelewa. Kifuniko kiliruka. Beryl hakutia sahihi.

Sheikhan alikuja mwenyewe.

"Dada Beryl, karatasi za kiwandani zasema imefaulu."

"Kiwandani hakuna pilau, Sheikhan."

"Sheria haikutaja unga."

"Sheria imetaja makosa yanayotarajiwa. Mimi nayatarajia. Nakaa nayo nyumba moja."

Neno hilo lilifika Kibokoni kabla ya msemaji. Bi Mwanaesha hakupaza sauti. Si tabia yake. Alisema kwamba ana mtoto juu aliyemlea, na mtoto huyo amemwita kosa mbele ya jamaa yake. Basi. Ramadhani iliingia. Siku ya kwanza, magharibi, Beryl aliketi karibu na mlango wake. Adhana ilimalizika. Ngazi haikulia. Siku ya pili vivyo hivyo. Ronald alipendekeza washuke wakaombe radhi.

"Radhi ya nini?" Beryl aliuliza.

"Ya sahani, mke wangu."

"Nikitia sahihi, sahani itapanda leo hii. Na siku moja kifuniko nacho kitapanda. Wataka nichague nini?"

Ronald anasema hakupata kumwona akilia kwa jambo la kazi, ila wiki ile alimkuta amesimama ngazini, kwenye kipandio cha juu, mikono mitupu, akiwa amekwenda kupokea kitu ambacho hakikuletwa. Usalama wa watu wengine ulimtegemea yeye, na nyumba yake mwenyewe ilikuwa ikimtoka. Aliporudi kazini kesho yake, jibu lilikuwa lile lile.

Mkuu wa maabara, Bwana Fuad, alikuwa mtu wa haki. Alisema jaribio lisiloandikwa haliwezi kumnyima mtu cheti isipokuwa lirudiwe mbele ya mwagizaji. Sheikhan alikubali, na akamweleza shangazi yake. Bi Mwanaesha akauliza unga ulikandwa na nani. Alipoambiwa ni Beryl, alicheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Beri hajui kukanda. Unga wake mgumu kama lami, kifuniko kitaachaje kuruka? Donge langu hupumua. Nipelekeni."

Alikwenda Shimanzi tarehe 26 Aprili, akiwa amefunga, na kapu lake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alikataa jaribio la maji matupu. Alisema hajapata kuona mtu aliyealikwa harusini akala maji. Akapika pilau ya kweli, nyama, bizari, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya asali, katikati ya saa na mita za maabara. Bwana Fuad, aliyefunga naye, aliomba dirisha lifunguliwe na kisha akaomba atoke kidogo. Bi Mwanaesha alikanda donge kwa kiganja, akalizungusha, akaziba kifuniko kwa uzuri ambao Beryl, aliyesimama nyuma yake, hakuweza kuficha usoni jinsi ulivyomvutia.

Waliingia nyuma ya ukuta wenye kioo kinene. Sufuria ilibaki peke yake chumbani, chini ya kizimba cha wavu wa chuma. Kwa muda mrefu haikufanya lolote. Ilikaa kimya, nyeupe, nzuri, kama kitu kilichofunzwa adabu. Bi Mwanaesha aligeuka kumtazama Sheikhan, na wanaokumbuka wanasema alikuwa akitabasamu.

Sauti haikuwa kubwa kama walivyotarajia. Ilihisiwa kifuani zaidi kuliko masikioni. Chumba kilijaa weupe. Mvuke ulipotulia, wali ulikuwa darini, kutani, juu ya taa. Kifuniko kilikuwa kimeupiga wavu wa chuma na kuukunja kuelekea juu, nacho kimekwama pale, kikining'inia.

Bi Mwanaesha alitazama sakafu kando ya meza, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Fadhiya hukaa hapo," alisema.

Sheikhan alikuwa ameshatoa simu. Sufuria moja ya mfano alikuwa amempelekea mkewe nyumbani. "Swafia, ile sufuria umeiwasha? Izime. Sikuulizi pilau, mama, nakwambia izime. Watoe watoto." Alishusha simu, akaegemea ukuta, akabaki hapo.

Jioni hiyo, magharibi, ngazi ya Kibokoni ililia. Sahani ilikuja na kawa yake, na aliyeileta ni Bi Mwanaesha mwenyewe, ambaye magoti yake yalikuwa yamemkataza ngazi tangu mwaka uliotangulia. Aliiweka mezani akashuka bila kuketi. Beryl alifunua. Palikuwa na pilau, na ukingoni mwa sahani, dogo kama ndimu, donge la unga mbichi. Beryl alicheka mpaka akakaa chini. Donge hilo alilikausha juani, akalipeleka kazini, nalo liko rafuni mpaka leo.

Sheikhan alizirudisha sufuria kwa watengenezaji pamoja na maelezo ya jaribio. Zilizokuja Agosti zilikuwa na njia ya tatu: sehemu ya mpira wa ukingoni inayolegea shinikizo likizidi, na kuuelekeza mvuke chini, mahali ambapo mkono wenye unga haufiki. Beryl aliziba matundu yote. Sufuria ilinguruma, ikapumua ubavuni, ikapoa. Alisimama mbele yake kitambo, akaitia kiganja kama mtu ampapasaye mtoto kichwani, ndipo akatia sahihi. Tangu siku hiyo sufuria ya presha haitoki maabara ile bila kuzibwa kwa donge, na mwanagenzi anayeanza kazi huanza kwa kujifunza kukanda. Kipimo cha unga, maji na chumvi ni cha Bi Mwanaesha.

Wanawake wa Kibokoni hawakuacha kuziba. Wanaziba mpaka leo, na pilau yao ni tamu. Sufuria inawasamehe, nao hawajui kwamba wamesamehewa.

Mwishoni mwa 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Mombasa, na aliendelea kwenda kazini kila alipopata nguvu, mpaka Januari mwaka huu. Alipolazwa, wauguzi walimzoea haraka. Alikubali sindano zote bila swali, lakini birika la umeme la wodini alilipindua mara ya kwanza alipoweza kuketi, akatafuta alama chini yake, hakuiona, na akakataa chai mpaka lilipobadilishwa. Muuguzi alimwambia, "Mama, wewe ni mgonjwa." Akajibu, "Na hawa wengine je?"

Mwezi Mei aliomba kurudi nyumbani. Chakula kilikuwa hakimpiti tena, isipokuwa uji mwembamba wa mchele na tui, ambao Bi Mwanaesha aliupika kila asubuhi na kuupandisha ngazi mwenyewe, kipandio kwa kipandio. Aliyejaribu kumpokea bakuli alipewa jicho. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, Beryl alikunywa vijiko vichache, akauliza kama jiko limezimwa, akaambiwa limezimwa. Alifumba macho. Aliondoka taratibu, mumewe kamshika mkono, pasipo kumwumiza mtu, kama alivyodai kwa miaka yote kila kitu kiondoke.

Kazi ya marehemu haina mnara. Ukitaka kuiona, pita Mji wa Kale wakati wa kupika na utazame watoto waliokaa sakafuni wakingojea ukoko, wakiwa wazima, nyuso zao laini. Hakuna hata mmoja anayelijua jina lake, na hilo lilimridhisha.

Bi Mwanaesha yupo nasi hapa Rabai leo, Jumamosi tarehe 28 Juni, tunapomzika Beryl. Aliombwa aseme neno, akasema sauti yake haitafika mbali, ila lisomwe hili kama alivyolitamka: "Nilimnunia mwanangu karibu Ramadhani nzima, na kosa lake lilikuwa kukataa nife. Siku zote hizo sikumpa chakula. Nimempa uji tangu aliporudi nyumbani, kila siku, na bado haijatosha. Mkifika nyumbani, kabla hamjala, inamisheni birika mtazame chini yake."

Marehemu ameacha mume, Ronald Kaingu, watoto, Tsofa na Mwanaesha, mama mzazi, Bi Dama Kaingu wa Kaloleni, mama mlezi, Bi Mwanaesha wa Kibokoni, kaka yake Nicodemus na dada yake Mwanakuu, Fadhiya, aliyenyakuliwa, pamoja na jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake wa Shimanzi. Baba yake, Mzee Tsofa Mung'aro, alimtangulia mwaka 2009.

Beryl, jiko limezimwa. Pumzika katika amani ya Mungu.